Picha kabla ya kisu: CT huona nini kwa maiti, na nini humpita

Ndugu wakiambiwa mwili utapasuliwa, huuliza kwanza kama hakuna njia nyingine. Kwa Waislamu na Wayahudi, wanaotaka kuzika haraka na mwili usiguswe kisu, swali hilo ni zito zaidi. Njia nyingine ipo: kuupitisha mwili kwenye CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Timu ya Richard Dirnhofer na Michael Thali mjini Bern, Uswisi, ilianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1990, na jimbo la Victoria, Australia, hupiga CT kama jambo la kawaida kwa miili inayochunguzwa kisheria. Ubishi uliobaki ni mmoja: je, picha yaweza kukiweka kisu kando?

Kwa majeraha, jibu langu ni karibu ndiyo. Mwili hubaki ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa, ukapigwa picha kutoka utosini hadi unyayoni kwa vipande vya milimita 1 au pungufu. Marehemu hadhuriwi na mionzi, kwa hiyo fundi huongeza kipimo apate picha safi. Kipande cha risasi hung'aa, ufa wa fuvu huonekana, na mifupa ya uso au nyonga, ambayo si kawaida kufunguliwa mochwari, yote imo. Hewa iliyovujia kifuani CT huikuta ilipo. Kisu kikishafungua kifua bila tahadhari, hewa hiyo imekwenda zake. Tena picha hubaki: mtaalamu wa pili ataisoma hata miaka mitatu baada ya maziko, bila kufukua kaburi.

Shida huanzia kwenye kifo cha ghafla cha mtu asiye na jeraha. Utafiti wa Manchester na Oxford uliochapishwa 2012 ulilinganisha picha na upasuaji kwa watu wazima 182. Chanzo cha kifo kilichotajwa na CT kilitofautiana pakubwa na cha upasuaji katika asilimia 32 ya miili. Kwa MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ilikuwa asilimia 43. Vilivyoponyoka zaidi ni ugonjwa wa mishipa ya moyo, bonge la damu lililoziba mapafu, nimonia na maradhi ya tumboni.

Sababu zake hazina siri. Damu huganda yenyewe baada ya kifo, na CT ya kawaida haitofautishi bonge hilo na lile lililoua. Damu hushukia mgongoni, mapafu yakaonekana meupe kama ya mwenye nimonia. Chokaa kwenye mishipa ya moyo huonyesha kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa; haisemi kwamba ndio uliomuua. Gesi ya kuoza, hasa pale friji ya mochwari inaposuasua, humtia kiwewe daktari wa mionzi aliyezoea walio hai: kwa mgonjwa ingekuwa balaa, kwa maiti ni jambo la kawaida. Mbavu zilizovunjika mbele huenda ni kazi ya aliyemsukuma kifua akijaribu kumwokoa. Nayo MRI hupotoshwa na baridi, kwa kuwa vipimo vyake vimepangwa kwa mwili wa nyuzi 37.

Watafiti wa Leicester, Uingereza, walipunguza pengo hilo. Hutoboa kidogo shingoni, wakapitisha katheta, yaani mrija mwembamba, yenye puto hadi karibu na moyo, kisha wakajaza mishipa yake hewa na dawa ya kuing'arisha kwenye picha. Katika matokeo yao ya 2017, miili 210, chanzo cha kifo kilipatikana kwa asilimia 92. Hata hivyo bonge la mapafuni liliendelea kuwaponyoka, ilhali upasuaji nao ulikosa baadhi ya majeraha na damu iliyovuja. Hakuna aliyeshinda mwenzake kila mahali.

Sumu haina picha. Dawa ya kuulia wadudu au pombe itapatikana kwa sindano tu: damu ya mshipa wa kinena kwenye chupa yenye floridi ya kuihifadhi, mkojo, na maji ya jicho. Damu ya moyoni haiaminiki, maana dawa huvuja kutoka ini na mapafu baada ya kifo na kuizidisha. Na sampuli zitolewe kabla ya dawa ya kung'arisha kuingia. Baada ya hapo damu imeshachujuka.

Kwetu, ambako mashine ileile inangojewa na majeruhi wa bodaboda, sioni sababu ya kupiga CT kila maiti. Kwa watoto wanaokufa kwa maambukizi, sindano ndizo zenye faida zaidi. Siaya na Kisumu, nchini Kenya, watafiti tayari hutoa vipande vya mapafu, ini na ubongo kwa sindano, bila kupasua. CT iwekewe ajali, risasi, na kifo ambacho familia imekataa kisu. Fomu inayokwenda na mwili itaje saa ya kifo, muda uliokaa nje ya friji, kama kifua kilisukumwa, na kama kuna sindano aliyochomwa. Daktari asiyepata hayo manne asiandike chanzo cha kifo. Aandike alichoona, na aseme wazi kama mwili bado unahitaji kupasuliwa. Katika utafiti ule wa 2012, pale madaktari waliposema kwa CT kwamba kisu hakihitajiki, makosa makubwa yalishuka hadi asilimia 16.