Ukifika Mji wa Ugenini, Anzia Maktaba

Wengi wetu tukisafiri nje tunapewa orodha ile ile: mnara, makumbusho, maduka, picha, kisha uwanja wa ndege. Mimi ninashauri uanze na maktaba ya umma. Ingia, tafuta kiti, kaa hata nusu siku. Ni miongoni mwa sehemu chache mjini ambako mgeni hakatiwi tiketi, wala halazimiki kuagiza chai ndipo aruhusiwe kukaa karibu na wenyeji.

Aliyenitia imani hii ni Oodi, maktaba kuu ya Helsinki. Ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, mkesha wa sikukuu ya uhuru wa Finland, na inatazamana na Bunge, mwendo mfupi tu kutoka stesheni kuu ya treni. Kiwanja cha mahali kama pale kingeweza kuwa hoteli au ofisi za benki. Wafini wakakitoa kwa ajili ya maktaba, na kila nikikumbuka uamuzi huo ninauheshimu upya.

Vitabu vyenyewe viko ghorofa ya juu. Ghorofa ya kati ina studio za kurekodi muziki, printa za 3D na vyerehani, na hapo kwenye vyerehani ndipo nilipoganda. Mtu anakuja na suruali yake ndefu mno, mwingine na pazia la nyumbani, anakaa, anashona, anamwachia anayefuata. Hakuna onyesho la watalii pale, ni watu na shughuli zao. Juu, vigari vya watoto vimejipanga karibu na rafu, wanafunzi wanadurusu, wazee wanasoma magazeti, na nje kuna baridi ya kuuma mifupa. Kuingia ni bure, na kwa wakazi kuazima pia ni bure. Haya hayakuota jana: Finland ilitunga sheria yake ya kwanza ya maktaba mwaka 1928, na kodi za wananchi ndizo zinazoendesha huduma hii.

Ukitoka hapo, panda tramu hadi Hakaniemi, kwenye soko la ndani lililofunguliwa mwaka 1914. Tazama samaki, onja mkate mweusi wa rai, nafaka ya jamii ya ngano. Ikiwa ni Alhamisi, tafuta mgahawa wa kawaida wa chakula cha mchana uagize supu ya njegere. Ndiyo desturi ya siku hiyo, na baada yake huletwa chapati za maji na jamu. Makumbusho yatakusubiri hadi kesho yake.

Wala si lazima iwe Ulaya. Mtanzania au Mganda akienda Nairobi, aingie maktaba ya McMillan, jirani na Msikiti wa Jamia. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na Waafrika hawakuruhusiwa hadi 1958. Kusoma gazeti ndani ya ukumbi ule, ukizungukwa na wanafunzi wa Nairobi ya leo, kunakueleza mengi kuhusu mji huo kuliko safari ya siku nzima katika maduka ya Westlands. Ukiwa na muda, nenda pia Kaloleni au Makadara, kwenye matawi yake yaliyokarabatiwa miaka ya karibuni. Huko ndiko watoto wa Eastlands wanakosomea.