Sindano Haiuzwi Usiku

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Moshi kama anaamini mikosi, atakujibu haraka kwamba yeye ni Mlutheri aliyepata kipaimara, au Mkatoliki asiyekosa misa, au Mwislamu wa swala tano, na kwamba mambo ya nuksi ni ya watu wa kule, huku mkono wake ukielekea upande wowote usio wa kwao. Jibu hilo sina ugomvi nalo. Ninachoomba ni kuelezwa ilikuwaje, katika mji usio na muumini hata mmoja wa mikosi, fundi cherehani kama mimi ashindwe kununua sindano baada ya magharibi.

Ilinivunjikia kwenye pindo la gauni la msimamizi wa harusi, na mwenye gauni alikuwa anasafiri alfajiri kwenda Rombo. Nikatoka mbio hadi dukani kwa Mangi, hapa hapa mtaani Pasua, na kwa mwanga wa taa nikaziona sindano zimepangwa nyuma ya viberiti.

“Zimeisha, fundi,” alisema kabla sijamaliza kuomba.

“Si zile pale?”

“Jua limeshazama.”

Nilimkumbusha kwamba muda mfupi uliopita, mbele ya macho yangu, alikuwa amemuuzia kijana mmoja wembe na sumu ya panya, vitu ambavyo, kama ningekuwa mkosi, ndivyo ningevianzia. Mangi alicheka, akanihakikishia kwamba yeye mwenyewe haamini habari hizo hata kidogo.

“Basi niuzie.”

“Sasa, fundi, kama siamini, ya nini nijitafutie balaa?”

Nilipogeuka kuondoka aliniita, akaniinamia na kunieleza kwa sauti ya chini kwamba mkosi hauna nguvu iwapo kitu hakitajwi jina. Nikaomba “ile ya kushonea”. Akaitoa bila wasiwasi, akaongeza kwamba kitu kisichotajwa jina hakiwezi kuuzwa kwa bei ya kawaida. Nikalipa mara mbili.

Tangu hapo nimekuwa nikiichunguza miiko hii kwa makini, nami nimeona jambo ambalo wenye hekima hawalisemi: haipo ili iaminiwe, ipo ili mtu aweze kumnyima mwenzake bila kugombana naye. Mangi huyo huyo, ukienda asubuhi kuomba unga wa kukopa, atakwambia kwa huzuni kubwa kwamba hajafungua, na kwamba mteja wa kwanza akichukua bila kulipa, biashara ya siku nzima inaingia gundu. Ukirudi mchana, gundu limekwisha lakini na unga wa kukopesha umekwisha. Wakati huo huo nimemshuhudia mwenye magari ya mizigo akichukua katoni ya sabuni kabla ya saa moja asubuhi, akasema “utaandika”, na Mangi akaandika huku akimwombea safari njema.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mke wangu, msomi wa kidato cha nne na mwimbaji wa kwaya, haamini ushirikina, ila ufagio haushikwi usiku kwa sababu unafagia riziki. Wazee waliokataza jambo hilo walikuwa na kibatari, na katika giza lile ungeweza kweli kusukumia shilingi nje pamoja na takataka. Sisi tuna umeme, angalau siku usipokatika, na bado ninalala nimezungukwa na vipande vya vitambaa, nyuzi na vifungo hadi kunapokucha, ambapo riziki inaruhusiwa kufagiliwa. Anayefagia asubuhi hiyo ni mimi.

Bundi naye alitua kwenye mparachichi wa jirani. Watu wote wasioamini walitoka na mawe, wakamrushia mpaka akahama, na baadhi ya mawe yakabaki juu ya bati langu. Bundi kazi yake ya usiku ni kukamata panya. Kifo kilichotabiriwa hakijafika, panya wamefika, na suruali ya mteja imetobolewa mahali ambapo siwezi kumwambia kwamba ndiyo fasheni.

Uko mwiko mmoja tu ambao siupingi kwa nguvu, nao ni ule wa firigisi kuwa ni ya baba. Wajawazito wengi walinyimwa mayai kwa kuambiwa kwamba mtoto angezaliwa na upara, huku wanaume waliokuwa na upara tayari wakiyala bila hofu, na hilo ni dhuluma iliyo wazi. Firigisi ni suala jingine.

Waumini wa kweli nimewaona. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, yule Babu wa Loliondo, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, magari yalitoka Moshi na Arusha yamejaa wagonjwa na wazima, na foleni ikatambaa kilomita nyingi. Nauli ilikipita kikombe mara nyingi sana, watu walilala vumbini, na wapo waliofia njiani. Sisemi kwamba dawa ile ilitibu. Nasema kwamba imani ile kila mtu aliilipia kwa mfuko wake na mgongo wake, wakati hizi za mtaani kwetu ankara huletewa mimi.

Ndiyo maana niliona nami nijaribu kuwa na mwiko wangu. Mwenye nyumba alikuja jioni kudai kodi. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti, nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba kwetu pesa haitolewi ndani jua likishazama, kwani huondoka na ndugu zake. Mzee huyo ni mzee wa kanisa. Alisikitika kusikia upagani ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaniombea sala ndefu ya kunifungua, na nilipofumbua macho kwa ajili ya amina nilikuta kiganja chake kimeshanyooshwa. Nikalipa.

Alihesabu noti, akaaga, akajikwaa kizingitini kwa mguu wa kushoto. Akasimama, akautazama mguu, akarudi kukaa.

“Si kwamba ninaamini, mwanangu,” alisema, “lakini mtu akijikwaa kushoto si vizuri kuanza safari papo hapo.”

Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku hiyo tulikuwa tumechinja kuku, na mke wangu, kwa heshima anayostahili mgeni mwenye mvi, alimpakulia firigisi.