Kibao cha anwani kipo, posta imefungwa

Mwaka 2022, miezi michache kabla ya Sensa, nyumba ya mama yangu kijijini ilipata namba. Vijana wa Operesheni ya Anwani za Makazi walipita nyumba kwa nyumba na simu zao, njia yetu ya vumbi ikapewa jina, kata ikawa na postikodi yake. Mama alinipigia siku hiyo hiyo. "Haya mwanangu, namba tumepata. Sasa barua italetwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kadirisha ka posta kalikokuwa karibu na stendi kalishafungwa zamani. Ofisi iliyobaki ni ya makao makuu ya wilaya, na kwenda huko ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya shamba imepotea.

Najua nitakachoambiwa: siku hizi nani anaandika barua? Ni kweli, barua zimepungua, na mimi mwenyewe naongea na mama kwa simu karibu kila jioni. Lakini simu haibebi miwani. Mwaka jana nilimtengenezea miwani Dar es Salaam, nikaituma kwa basi kama tunavyofanya wote: unamkabidhi konda boksi, unaandika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, unalipa, unaomba Mungu. Konda alipitiliza. Boksi likaenda hadi mwisho wa safari, likazunguka karibu wiki nzima, na lilipomfikia mama kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Nilipouliza, kila mtu alinielekeza kwa mwingine. Sikuwa na risiti wala mahali pa kwenda kulalamika.

Barua ya rejista haikuwa hivyo. Karani aliipima, akaipiga muhuri, akakupa risiti yenye namba. Ilipofika, mpokeaji alitia saini kwenye kitabu. Ikipotea, kuna mtu wa kuulizwa, na ana jina, ana ofisi, ana meza. Mtu wa kijijini ananyimwa huo uwajibikaji dirisha linapofungwa, na sioni kampuni ya kusafirisha mizigo itakayopanda milimani kwa ajili ya bahasha moja ya cheti cha kuzaliwa.

Wanasema ofisi hizi hazilipi. Lakini tukumbuke jinsi zilivyofika hapo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Tanzania ilikuwa na shirika moja la posta na simu. Benki ya Posta ikatengwa kwanza, kwa sheria ya mwaka 1991. Kisha sheria ya 1993 ikatenganisha posta na simu, na Shirika la Posta likaanza kujitegemea Januari 1994. Akiba ya wananchi ikaenda upande mmoja, simu upande mwingine, posta ikaachiwa barua na vifurushi. Baadaye mani oda nazo zikamezwa na simu za mkononi. Dirisha lililokuwa na kazi tatu au nne likabaki na moja, halafu tunalishangaa kwamba halina foleni!

Kwenye simu hatukufikiri hivyo. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, kwa ruzuku, kwa sababu kampuni zenyewe zisingeenda huko. Niliunga mkono, na bado naunga mkono. Mfuko ule uliundwa kwa sheria ya 2006, na jina lake linasema "kwa Wote". Kama mnara usioleta faida unastahili ruzuku kwa sababu wanakijiji nao ni raia, basi na karani wa posta anastahili.

Kazi zipo. Mjini tayari baadhi ya ofisi za Posta zimekuwa Vituo vya Huduma Pamoja, yaani huduma kadhaa za serikali chini ya paa moja, na Wakenya walianza Huduma Centre zao mwaka 2013 katika jengo la posta kuu, Nairobi. Wanaohitaji huduma hizo zaidi ni wale wanaolipa nauli kuzifuata: mstaafu anayehakikiwa, mama anayesubiri cheti cha mtoto, kijana wa kidato cha nne anayetaka kutuma fomu na kujua imefika.

Sidai jengo la ghorofa. Chumba kimoja kwenye ofisi ya kata kinatosha, na mizani, muhuri, kompyuta na karani aliyeajiriwa, hata kama ni siku tatu kwa wiki. Mojawapo iwe siku ya gulio, ambapo watu wa milima yote wanashuka na mizigo yao tangu alfajiri, mama yangu akiwa miongoni mwao.