Intaneti Ikipotea Baada ya Kusasisha Kerneli, Rudi Kwanza kwenye Kerneli ya Zamani

Mtu ambaye Linux yake imepoteza intaneti baada ya kusasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya kompyuta, hupewa rundo la amri za kunakili: zima huduma ya mtandao na uiwashe tena, futa mipangilio, badilisha DNS, na vyote vikishindikana, sakinisha mfumo upya. Napinga kabisa mpangilio huo. Hatua ya kwanza iwe kuwasha upya kompyuta, kufungua menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, na kuchagua kerneli iliyokuwa ikifanya kazi jana.

Jaribio hilo hubadilisha kitu kimoja tu. Mtandao ukirudi, ruta, kebo na nywila ya waifai havina kosa. Usiporudi, iache kerneli, kavichunguze hivyo. Isitoshe, anayetaka kupakua draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kama kadi ya mtandao, anahitaji intaneti, na kerneli ya zamani ndiyo itakayompatia. Kati ya matoleo ya Linux, Fedora kwa kawaida hubakiza kerneli 3. Arch huiondoa ya zamani papo hapo, kwa hiyo anayeitumia namsihi asakinishe pia linux-lts, kerneli ya pili inayotunzwa kwa muda mrefu, mapema, mambo yakiwa bado shwari.

Draiva nyingi za kadi za mtandao zimo ndani ya kerneli yenyewe, na anayebadilisha sehemu ya ndani ya kerneli huzirekebisha palepale. Wanaoumia zaidi ni wenye draiva za nje, kama wl ya Broadcom, au zile za vifaa vya waifai vya USB ambazo mtu hupakua msimbo wake na kuujenga mwenyewe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ni mkali sana kuhusu kerneli kutovunja programu za watumiaji, lakini ulinzi huo hauzifikii draiva za nje: taratibu za ndani ambazo draiva hizo huzitegemea zinaweza kubadilika toleo lolote. DKMS, zana iliyoanzia kampuni ya Dell, huzijenga upya draiva hizo kila kerneli mpya inapoingia, ila inahitaji faili za heda (maelezo ya kerneli yanayotumika katika ujenzi) za toleo lilelile. Faili hizo zikikosekana, au msimbo ukiwa wa kale mno, ujenzi unakwama. Amri ya dkms status itakuonyesha moduli, yaani draiva iliyojengwa, ipo kwa kerneli ipi na haipo kwa ipi.

Ukiwa kwenye kerneli mpya, andika lspci -k, amri inayoorodhesha kadi na draiva zake. Kama chini ya kadi yako hakuna mstari wa draiva inayotumika, usipoteze muda na mipangilio ya mtandao. Draiva ikiwepo lakini kadi imelala, soma dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli: mara nyingi inalalamikia fimuwea (programu ya ndani ya kadi) isiyopatikana, na kusasisha kifurushi cha linux-firmware huweza kumaliza tatizo. Kama Secure Boot, ulinzi unaokagua saini wakati wa kuwasha kompyuta, imewashwa, moduli isiyo na saini inayotambulika hukataliwa hata ikiwa imejengwa vizuri. Na wakati mwingine kadi ni nzima, ila jina lake limebadilika, mathalani kutoka enp3s0 kuwa enp4s0, huku mipangilio bado inataja lile la zamani. Amri ya ip link italifichua hilo mara moja.

Kinachoniudhi ni kwamba mzigo wote huu anaachiwa mtumiaji. Katika baadhi ya mifumo, ujenzi wa moduli hushindwa, taarifa yake inapita katikati ya mamia ya mistari, kisha kerneli mpya inafanywa chaguo la kwanza kana kwamba hakuna lililotokea. Programu ya kusasisha inaweza kujua draiva gani inaendesha mtandao muda huohuo, na inaweza kutazama ndani ya /lib/modules, folda ya moduli za kila kerneli, kama kerneli mpya inayo. Isipoiona, iache kerneli ya zamani iendelee kuwaka yenyewe, na imwambie mtumiaji sababu kabla hajazima kompyuta, angali ana intaneti ya kutafutia suluhisho.