Mamlaka ya Kutangaza Tukio Kubwa Yawe kwa Aliyefika Kwanza

Hapa Uingereza ninakoishi, wahudumu wa gari la wagonjwa wanaotangulia kufika penye ajali kubwa hawaanzi kufunga majeraha. Kwanza hutazama, kisha huripoti kwa redio: ni wapi hasa, kumetokea nini, kuna hatari gani, njia ipi inapitika, majeruhi ni kama wangapi na vikosi gani vinahitajika. Kinachotangulia katika ripoti hiyo ni kama tukio limetangazwa kuwa kubwa, na anayelitangaza si lazima awe mkubwa wa kikosi.

Kipimo si idadi ya maiti, bali ni kama mahitaji yameuzidi utaratibu wa kawaida wa waliopo. Kwa kipimo hicho, basi lililopinduka karibu na zahanati yenye muuguzi mmoja linaweza kuwa tukio kubwa, ilhali ajali kama hiyo hiyo jirani na hospitali ya rufaa isiwe. Kutangaza mapema kisha kusitisha huwapotezea watu saa chache za kazi. Kuchelewa hugharimu uhai.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na huo ni msingi mzuri, ila kamati ni lazima iitishwe. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliowahi kuifikia kwa mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Ujasiri tunao, tena mwingi; kinachobaki ni kujua nani atangaze mapema.

Waingereza nao wamewahi kushindwa vibaya. Bomu lilipoua watu 22 Manchester, tarehe 22 Mei 2017, polisi wa reli walitangaza tukio kubwa ndani ya dakika chache lakini vikosi vingine havikuarifiwa ipasavyo, polisi wa eneo hilo wakatangaza lao karibu saa saba usiku, na zimamoto wakafika baada ya zaidi ya saa mbili. Tume ya uchunguzi ya Sir John Saunders iliyaeleza hayo bila kuficha.

Kwa hiyo ninapendekeza askari wa zimamoto, dereva wa gari la wagonjwa na muuguzi wa zamu wapewe kwa maandishi mamlaka ya kutangaza tukio kubwa, tangazo lao lifike kwa vikosi vyote papo hapo, na asiadhibiwe yeyote ikibainika baadaye kwamba tukio lilikuwa dogo.