Tunapunjwa kwenye kipimo

Mwezi uliopita nilichukua chupa ya kunyonyea ambayo mwanangu ameshaiacha, ile yenye alama za mililita ubavuni, nikamiminia mafuta ya kula ya kupima niliyotoka kuyanunua kwa shilingi 500. Yakaishia mililita 70. Kesho yake nikarudia, yakaishia hapo hapo. Wiki hiyo hiyo, dumu la lita tano kwenye duka la jumla pale Mbagala Rangi Tatu lilikuwa 25,000, yaani 5,000 kwa lita. Sisi wapangaji wa nyumba hii tulikuwa tunalipa zaidi ya 7,000 kwa lita ya mafuta yale yale, na hakuna aliyejua, maana hakuna anayenunua lita. Tunanunua "ya mia tano".

Bei zikipanda mjini, lawama ya kwanza humwangukia mangi wa dukani. Mimi simlaumu kwa kupata faida. Analipia fremu, umeme wa LUKU, leseni, na bodaboda wa kumletea mzigo. Anafungua alfajiri na kufunga usiku wa manane. Ana daftari la madeni ambalo nusu ya mtaa tumo, na mwisho wa mwezi si wote tunaolipa. Duka kubwa lenye viyoyozi haliwezi kunikopesha unga. Akiongeza chake juu ya bei ya jumla, ni jasho lake, na nikiijua bei hiyo naweza kuamua kununua au kwenda kwingine.

Ninachokikataa ni kuuziwa kitu ambacho siwezi kukijua ni kiasi gani. Kikopo cha mafuta hakina alama. Kisado, kile kindoo cha kupimia, kimebonyezwa kitako mpaka kimeingia ndani. Nyanya zimepangwa fungu, nzuri juu, zilizopondeka chini. Na fungu lina siri moja: bei yake haipandi. Fungu la vitunguu la shilingi 1,000 litabaki la 1,000 mwaka mzima, ila vitunguu vilikuwa sita, vikawa vitano, sasa vinne. Mama anarudi nyumbani akidhani amenunua kama jana, halafu anashangaa mboga haitoshi.

Ukitaka kuona ubaya wake, fuata vitunguu hivyo hivyo mpaka vilikotoka. Kule Mang'ola au Ruaha Mbuyuni, mnunuzi anakuja na magunia yake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaungwa wavu juu na kushindiliwa tena hadi linavaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo imeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka nenda rudi, lakini mkulima mwenye vitunguu vinavyoanza kuota na lori likiunguruma pembeni atagombana na nani? Analipwa gunia moja. Kile kilemba ametoa bure.

Basi mzigo unashuka Dar es Salaam, unapita kwa dalali, kwa muuza jumla, kwa mchuuzi, mpaka gengeni kwangu, na huko kipimo kinaanza kunywea. Gunia limetanuka shambani, fungu limesinyaa mjini. Mwenye shamba na mwenye sufuria wote wameumia, na hakuna popote palipoandikwa bei ya kilo ili mmoja wao aweze kuhoji.

Naambiwa mafungu ni msaada kwa wanyonge, kwamba mwenye 500 mkononi asingekula bila hayo. Ni kweli, nami nimelelewa nayo. Lakini huyo mwenye 500 ndiye anayelipa ghali kuliko wote kwa kila gramu, na ndiye asiye na mizani. Kwa nini yeye ndiye afichwe?

Na si kwamba hatuwezi. Kwenye petroli tumeweza. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo, na kituo kinaweka bango kubwa barabarani. Hata asiye na gari anaijua bei ya lita. Sidai serikali ipange bei ya nyanya, hilo halitekelezeki. Nataka vitu viwili tu: kikopo cha mafuta chenye mstari wa mililita, kilichohakikiwa kama mizani ya buchani inavyohakikiwa, na mizani moja ya pamoja kwenye kila soko na magenge ya mtaa, mtu apime fungu lake kabla hajatoa hela. Ushuru wa soko tunaulipa kila siku, gharama ya mizani moja haiwezi kuushinda.

Nilienda na ile chupa ya mtoto dukani. Mangi aliitazama muda mrefu, akamimina mwenyewe mara mbili, akaniambia, "Dada, hiki kikopo nilikikuta hapa dukani, sijawahi kukipima." Nilimwamini. Siku tatu baadaye alikuwa amenunua kikombe cha plastiki chenye namba, mililita 100 kwa shilingi 600. Faida yake bado ipo, tena ya kutosha. Jioni ile nilimkuta binti wa chumba cha pili amesimama kaunta, ameinamisha kichwa usawa wa kikombe, anaangalia mafuta yafike kwenye mstari.