Nani Aamue Tutakutana na Nani: Dadu au Msimamizi?

Tangu mchezo wa Dungeons & Dragons ulipochapishwa mwaka 1974, wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani hawajakubaliana juu ya jambo moja: wahusika wanapokatiza msitu au magofu, je, wakutane na kile alichokipanga msimamizi wa mchezo, yaani anayesimulia kisa na kuendesha viumbe, au na kile ambacho dadu itakichagua kwenye jedwali la viumbe?

Wanaoipinga dadu wana hoja nzito. Kikao huwa cha saa chache, na pambano moja na mbwa mwitu wasiohusika na lolote linaweza kumaliza saa nzima huku kisa kilichowashika wachezaji kikipoa. Mbaya zaidi, mhusika aliyelelewa kwa miezi anaweza kuuawa na adui asiye na jina wala sababu. Msimamizi anayepanga huweza kupima ugumu na kukipandisha kisa hadi kileleni, jambo ambalo dadu haina habari nalo.

Hata hivyo, lawama nyingi zinastahili kuelekezwa kwenye namna dadu inavyotumiwa. Katika kanuni za msingi za mchezo huo za mwaka 1981, msimamizi alirusha dadu ya pande sita kila baada ya zamu mbili, yaani dakika 20 za ndani ya mchezo, na ikitua kwenye 1, kiumbe alitokea. Kwa kuwa alama za uzoefu, zinazomkuza mhusika, zilitokana zaidi na hazina kuliko kuua, na viumbe wanaozurura kwa kawaida hawakubeba hazina ya maana, kukutana nao kulikuwa hasara tupu. Ndiyo maana kupekua ukuta kutafuta mlango wa siri, kazi iliyochukua zamu nzima, kulihitaji kufikiriwa mara mbili. Hatari hiyo ikiondolewa, wachezaji watapekua kila jiwe, kwani muda haugharimu kitu.

Kanuni hizohizo zilikuwa na kipengele ambacho wengi hukiruka, nacho kwangu ndicho kiini cha suala zima: kurusha dadu mbili ili kujua mwitikio wa kiumbe. Jumla ya 2 ni shambulio la papo hapo, 12 ni urafiki, na matokeo 16 kati ya 36 huangukia 6 hadi 8, ambapo kiumbe bado hajaamua. Tuseme jedwali limetoa majambazi watano, na dadu za mwitikio zikatoa 9, yaani hawashambulii. Kwa nini? Pengine wamembeba mwenzao anayevuja damu, na wameona kwamba miongoni mwa wahusika yumo mganga. Msimamizi hakuipanga hali hiyo. Anaigundua pamoja na wenzake mezani, na hilo hakuna maandalizi yanayoweza kulileta.

Kuna pia suala la haki. Msimamizi aliyekwisha kuamua kwamba zimwi litawangoja wachezaji, wakishika njia ya kushoto au ya kulia, amewanyang'anya uchaguzi bila wao kujua. Dadu huzuia hila hiyo, mradi jedwali liwe limeandikwa kwa ajili ya mahali husika, si orodha ya madubwana iliyookotwa popote.

Wapo wanaorusha dadu kabla ya kikao ili wapate muda wa kuyaunganisha matokeo na kisa. Njia hiyo inafaa kwa safari ndefu, na ningeipendekeza kwa msimamizi mgeni. Magofuni, hata hivyo, haifai, kwa sababu idadi ya mara za kurusha hutegemea wachezaji wamekawia kiasi gani, na hilo haliwezi kujulikana kabla hawajaingia.